Ufa Niliouombea

Nyamitaba, Jumapili, saa kumi za mchana

Mapendo binti yangu,

Wewe na mama yako mmeshuka kumuaga bibi, na ninavyomjua bibi yako, hamtarudi kabla hajawalisha mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Nimechana kurasa katika daftari lako la zamani la shule, zile ambazo hukuandika kitu kwa sababu ulikuwa unachora magari. Miwani yangu imebaki na kioo kimoja kizima, basi ukiona mistari inapanda na kushuka, vumilia.

Sitakuandikia habari ya blanketi, wala ya kuchemsha maji, wala ya vijana wa huko Kalembe unakokwenda. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima, na mengine aliyarudia ukiwa umelala chini ya gari, mahali ambapo hukuweza kumkimbia. Mimi nina neno moja tu, nami nimelibeba miaka kumi na tatu. Linahusu freni zinazoisimamisha jeep unayoondoka nayo kesho, na mguu wa mjomba wako Bauma. Kile ulichosikia juu ya mguu ule, toka kinywani mwangu mimi, ni uongo. Nataka uujue ukweli kabla hujaiwasha gari, kwa sababu dereva anayeuamini uongo ule anaweza kuua watu, na kesho dereva ni wewe.

Barua hii nitaiweka kwenye kiti chako cha dereva asubuhi, kabla watu hawajajaa uani. Isome yote kabla ya kuniita.

Nianze na Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo iliyonifanya niandike.

Unakumbuka tulivyoikuta jeep tuliporudi toka kambini Kitshanga. Siku ya kukimbia vita, mimi na Bauma tuliifungua magurudumu yote manne, tukayafukia chini ya maharage ya jirani, ili mwenye bunduki akiitamani abaki na tamaa yake. Ikakaa juu ya magogo nyuma ya nyumba misimu miwili ya mvua. Walichukua mabati, walichukua mbuzi, walichukua hata mlango wa choo, nami mpaka leo najiuliza mtu anapigana vita gani akiwa amebeba mlango wa choo. Jeep waliiacha. Ndani kuku wa watu walikuwa wametagia kiti cha nyuma. Lakini zile diski mbili za mbele, sahani za chuma ambazo plaketi huzibana ili gurudumu lisimame, zilikuwa zimeliwa na kutu hata zinabanduka ukizigusa.

Halafu nesi wa Kalembe akatuma habari kwamba kituo chao kinatafuta gari na dereva, kwa sababu wanawake wenye uchungu bado wanabebwa kwa kipoyi, machela ya miti, wanaume wanne mabegani, nusu siku nzima milimani. Macho yangu yameingia ukungu, kuendesha siwezi tena. Nikawa nafikiria kijana wa jirani. Wewe ukasema, "Papa, miye njo nitaenda." Nikacheka. Naomba unisamehe kicheko kile. Siku zile za kambini, wakati sisi wazee tulikaa kungoja habari njema kwenye redio, wewe ulikuwa kwenye garage ya Kitshanga ukiosha bulo, zile nati za magurudumu, kwa mafuta machafu, ukichekwa na vijana, na kila jioni ukirudi na kitu kipya kichwani. Mimi niliona mikono michafu tu.

Jumatano tukaanza kazi pale uani. Nilikaa kwenye kigoda nikijifanya mwalimu. Uliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, ukalegeza bulo gurudumu likiwa bado chini, ndipo ukainua gari kwa kriki. Diski ya kulia ilikuwa imeshikana na kitovu cha gurudumu kwa kutu; ukaweka kipande cha mti, ukaigonga kwa nyundo huku na huku bila hasira mpaka ikaachia. Ile etriye, mdomo unaoshika plaketi, uliifunga juu kwa waya ili isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Mimi miaka yangu yote niliiacha inang'inia kama paja la mbuzi buchani. Ulipoanza kuiosha diski mpya kwa esansi, petroli ya gari, nikasema uache, yale mafuta ya kiwandani yanailinda. Ukaniangalia kwa upole wa mtu anayemhurumia mzee.

"Papa, inalinda diski mu kartoni. Mu gari inaua."

Kwa kweli nilifurahi, ingawa sura yangu haikukuonyesha.

Diski ya kulia ilikuwa mpya. Ya kushoto nilikuwa nimeipata kwa mtu sokoni Kitshanga, imetumika, nami nikakuambia ni nzima kama mpya. Alhamisi asubuhi ndiyo ulitaka kuifunga, uondoke saa nne. Wakati huo ua ulikuwa umeshajaa. Mama Riziki na wenzake walikuwa wamekalia magunia yao ya maharage na mihogo, maana walitaka uwashushe Kitshanga. Pasta alikuwa njiani kuja kuiombea gari kama tunavyoombea kila gari inayotoka hapa. Ukaishika ile diski, ukaipangusa, ukapitisha ukucha wako ukingoni polepole, ukazunguka nayo. Ukucha ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukapita tena, ukasimama tena palepale.

Nilikuona. Na kabla hujafungua kinywa, kinywa changu kilishakuambia, "Ni musitari tu, mama. Iko bien. Funga, batu banangoja."

"Hapana, Papa. Hii haiko musitari. Imepasuka."

Ukasimama, ukajifuta mikono, ukawageukia wale wanawake.

"Ba mama, mutusamehe. Leo gari haitoke. Freni haiko sawa."

Mama Riziki akaruka juu ya gunia lake. "Weye mutoto! Tumefunga mizigo toka asubuyi! Pasta iko njiani. Si tuombe tu? Mungu ataongoza."

"Tutaomba, Mama. Lakini tutaomba siku diski muzima itakuwa mu gari."

Walinung'unika, ndiyo. Mmoja alisema ndiyo shida ya kumpa msichana gari. Ukampigia nesi wa Kalembe simu mbele yao wote, ukamwambia utachelewa mpaka Jumatatu, naye akajibu, tukamsikia sote, "Sawa, fika muzima." Ikawa basi. Wanawake wakabeba magunia yao wakarudi majumbani, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Ulifikiri nimekwenda nyuma ya nyumba kutafuta waya. Nilikwenda kulia, Mapendo. Nililia kwa sababu uliyasema yale maneno kwa urahisi, na mimi nilipokuwa na miaka arobaini, nikiwa na ndevu na jina la dereva hodari, nilishindwa kuyasema.

Sasa ukweli wenyewe.

Ulikuwa na miaka tisa. Kwaya ya akina mama ilialikwa kuimba Kitshanga, mkutano mkubwa wa makanisa, na mimi ndiye niliyewaahidi gari. Walikuwa wameshona vitambaa vya rangi moja. Jumamosi nikabaki peke yangu uani nikibadili plaketi, kama ulivyofanya wewe wiki hii, ila mimi kwa haraka. Nilipotoa zile za zamani za kushoto nikaipapasa diski, na kidole changu kikakuta ufa. Haukuwa mdogo. Ulianza ukingoni ukaingia ndani urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Nilijua ulikotoka. Unajua desturi yetu madereva wa milima hii: gari ikifika chini ya mteremko magurudumu yakinuka, mtu anashuka na bidoni, lile dumu la maji, anayamwagia. Mvuke unaruka, abiria wanafurahi, wanasema dereva huyu anaitunza gari yake. Nami nilipenda ule mvuke kuliko wote. Nilisimamisha gari hata pale ambapo hapakuwa na haja, ilimradi watu waone. Chuma kinachowaka ukikimwagia maji ya baridi ya kijito, kinajikunja na kupasuka, si siku moja, ni kidogo kidogo. Fundi mmoja wa Goma alikuwa ameniambia hivyo, nikamwona anajidai. Na kwa wiki tatu pedali ilikuwa inatetemeka chini ya mguu wangu kila nikikanyaga, nikajiambia ni njia mbaya. Njia zetu ni mbaya kweli, kwa hiyo uongo huo ulikuwa na nguo za ukweli.

Methali ya ufa na ukuta naijua toka shule ya msingi. Niliwahi kupigwa fimbo kwa kuiandika vibaya. Na bado nilichukua plaketi mpya, nzuri, nikazifunga juu ya diski iliyopasuka, nikakaza gurudumu, nikanawa mikono, nikaenda kula. Nilijiambia ni safari moja tu ya kushuka, Jumatatu nitatafuta diski.

Usidhani sikuwaza kusema. Jumapili asubuhi niliamka nikiwa na neno tayari. Nikatoka nje, nikawakuta. Walikuwa wamefika wote, wamevaa vile vitambaa, wanaimba wakiizunguka jeep, na mama yako katikati yao amekushika mkono, anang'aa. Bauma akaja akicheka, na bidoni yake ya maji mkononi, maana yeye ndiye aliyekuwa mtu wangu wa maji.

"Shemeki, freni iko aje?"

"Iko bien," nikasema.

Ni maneno mawili tu, ya kusema ni nzima. Nimeyasikia tena Alhamisi yakitoka kinywani mwangu, sauti ileile, na hapo ndipo nilipojua kwamba miaka kumi na tatu haikunibadilisha kama nilivyodhani.

Kisha pasta wa wakati ule akatuita tuweke mikono juu ya boneti. Niliweka wangu. Nilifumba macho pamoja nao, na wote waliposema Amina, mimi niliisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Niliomba kweli, usifikiri niliigiza. Niliomba kama sijawahi kuomba, kwa sababu mimi peke yangu katika ule umati nilijua tunaomba juu ya nini. Nilimwachia Mungu kazi aliyonipa mimi. Nilikuwa na kriki, nilikuwa na mikono, nilikuwa na mdomo wa kusema hatutoki, nikavificha vyote nyuma ya Amina.

Mteremko wa kwanza tulishuka salama. Kwenye kijito Bauma alishuka akamwagia magurudumu maji huku anapiga mbinja, mvuke ukaruka, akina mama wakashangilia. Mimi ndiye niliyemwambia amwage. Kwenye mteremko wa pili kikasikika kishindo kushoto, kama mtu amepiga reli kwa nyundo, na pedali ikashuka mpaka chini ikabaki huko. Kilichofuata unakikumbuka wewe mwenyewe, ulikuwa mapajani mwa mama yako. Niliilaza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, ikalala ubavu. Ndani mliumia mikwaruzo na michubuko. Bauma alikuwa amesimama nyuma kwenye bampa, na gari ilipolala, ililalia mguu wake.

Watu waliponiuliza, nilisema, "Freni ilikatika gafula." Nilisema mara ya kwanza tukiwa bado palepale njiani, na mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nikasema shetani alikata freni lakini Bwana akageuza usukani. Vigelegele, Mapendo! Nilimsingizia shetani, ambaye siku ile nadhani hakuwa na kazi Nyamitaba, mimi nilimtosha. Toka siku ile nikaitwa dereva aliyeokoa kwaya. Ile diski iliyovunjika nikaitupa kwenye shimo la choo nikiwa peke yangu.

Na Bauma, mtu aliyekuwa analima kilima kizima toka asubuhi mpaka jua la utosi, akabaki na fimbo. Unamwona anavyokaa mlangoni akichambua maharage ya wengine. Kila Noeli ananiletea jogoo. Kila Noeli, miaka kumi na miwili ya majogoo, na hata mwaka ule wa kambini alipokosa jogoo alileta mayai mawili, akisema, "Ungekosa kugeuza ile usukani, Shemeki, miye leo ningekuwa mu udongo." Nilikuwa nawala wale majogoo. Mama yako alishangaa kwa nini sile vizuri siku ya Noeli, nikamwambia ni tumbo.

Basi hiyo ndiyo siri. Ninakuandikia kwa sababu ulikua ukiamini kwamba freni hukatika ghafla. Nimekusikia ukiwaambia watu hivyo habari ya mjomba wako. Freni haikatiki ghafla. Ile yangu ilisema wiki tatu. Ilitetemeka, ilinuka, ilivuta gari upande wa kushoto, na mwisho ikaniwekea ufa chini ya kidole changu mwenyewe. Mtu anayeamini ghafla hasikilizi kitu, kwa sababu anaona hakuna cha kusikiliza.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Bauma. Nilimkuta na ungo wake. Nilikaa chini, si kwenye kiti, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa, na ule ufa, na lile jibu nililompa, na maji niliyomwambia amwage. Alikuwa anachambua maharage, na mikono yake ikaendelea kuchambua muda mrefu baada ya mimi kumaliza. Nilitumaini atasema alijua siku zote. Watu huhadithia mambo hivyo, eti aliyekosewa alijua na alishasamehe. Hakuwa anajua kitu. Niliona usoni mwake ikimwingia.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza freni iko aje."

"Uliniuliza."

"Miaka yote ile nilikupa aksanti. Unirudishie aksanti yangu yote."

Akasukuma ungo, maharage yakamwagika.

"Toka, Shemeki. Toka kabla sijasahau kama weye njo bwana ya dada yangu."

Nikatoka. Mama yako nilimwambia siku hiyohiyo, na ndiyo sababu toka Ijumaa chakula changu hakina chumvi. Nimekula bila kulalamika.

Jumamosi diski mpya ikafika toka Goma kwa pikipiki, ukaipitishia ukucha, ukaiosha, ukaifunga. Ukasukuma pistoni irudi ndani kwa kile kibano cha seremala, taratibu, ukiangalia mafuta ya freni yasifurike juu. Nilitaka kukukumbusha kwamba sasa pedali itakuwa tupu, usiondoke kabla ya kuipampu; lakini ulikuwa umeshaingia kitini unakanyaga, moja, mbili, tatu, mpaka mguu wako ukakutana na kitu kigumu. Ukaizungusha jeep uwanja wa shule, ukisimama polepole mara nyingi ili plaketi na diski zizoeane. Nilikaa kwenye kigoda nikiwa sina kazi yoyote. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosa kazi.

Mambo machache tu, kisha ninyamaze. Gari ikipata moto, iache ipoe yenyewe. Abiria wakidai mvuke, waambie wakapike ugali. Wakikutana nawe wenye bunduki wakaitaka jeep, wape funguo, ushuke, utembee. Mimi nimezaa mtu, sikuzaa gari.

Na kuna jambo moja ambalo silijui. Kwaya ilinishinda, na kwaya ingeweza kungoja. Wewe siku moja atakayekungoja ni mwanamke anayevuja damu, na mume wake amekushika mkono, na pedali inatetemeka. Siku hiyo sina cha kukushauri. Naomba tu uwe umeikagua gari jioni iliyotangulia, ukiwa umeshiba na hakuna anayekutazama, ili asubuhi isikuulize swali ambalo mtu hawezi kulijibu. Jioni ndiyo saa ya kweli ya dereva. Mimi jioni yangu niliitumia kula.

Sikuogopei safari hii. Mama yako anaogopa, na ana haki. Mimi toka Alhamisi natembea nikiwa mwepesi. Milima hii imeona magari mengi yakishushwa na watu waliosema iko bien. Sasa yumo mmoja anayeweza kusimama mbele ya magunia na pasta akasema haitoke. Wanawake wa kule Kalembe hawakujui bado, lakini mimi nawaonea wivu mzuri.

Limebaki la leo. Mlipotoka kanisani ulishangaa kumwona Bauma anapandisha kilima kwa fimbo yake, hakunisalimu, akapita mbele yangu kama mimi ni kigogo cha kukalia, akaja moja kwa moja kwako kwenye gari. Uliniuliza kwa macho kuna nini, nikaangalia pembeni. Sasa unajua. Alikwambia umfungulie magurudumu ya mbele yote mawili, siku ya Bwana, na nguo zako za kanisa, nawe ukayafungua. Akapiga magoti, kitu ambacho ule mguu haupendi. Akapitisha ukucha wake kwenye diski ya kulia, kisha ya kushoto, pande zote, akachukua muda wake. Nilimwona toka dirishani.

"Weye mwenyewe njo umezifunga?" akakuuliza.

"Miye mwenyewe, Muyomba."

"Iko aje?"

Hukusema iko bien. Ulimwambia diski ya kushoto ni mpya na ya kulia ni mpya, plaketi zote nne ni mpya, ila mpira mmoja wa mafuta umezeeka, bado unashika, nawe utaubadili Kitshanga kabla ya kupanda njia ya Mweso kwenda Kalembe. Bauma akainuka kwa fimbo yake, akajipangusa udongo.

"Basi kiti ya mbele ni yangu mpaka Kalembe," akasema. "Nataka kuona ile maternité, pahali ba mama banazalia."

Ulicheka, ukafikiri ni mzaha wa mjomba. Hakuwa anatania. Hajapanda jeep hii toka siku ile iliyomlalia.

Hajaniambia neno, Mapendo, wala sijui kama ataniambia. Lakini kesho atakaa mbele, kando yako, na mteremko ni uleule. Mimi naomba nafasi nyuma, juu ya magunia, mpaka Kitshanga tu. Kurudi nitarudi kwa miguu. Ukishamaliza kusoma, muulize yeye. Nitakuwa nimesimama mlangoni. Akikataa, funga mlango wa nyuma uende, nami nitakupungia mkono kwa moyo wote. Akikubali, niite.

Papa wako